Kitufe cha Lorene Skaggs

…na mwiko wenyewe wameuweka juu ya meza ya Spika, ndani ya mfuko wa plastiki, kama kisu cha muuaji, mwiko wa kukorogea supu, Lorene mwenyewe, mbunge mwenzangu, ndiye aliyeutoa jikoni kwake Pelham, akafunga kipande cha mpira kwenye ncha usiteleze, akaniambia, Harlan, wewe na hicho kibofu chako, kila dakika ishirini uko chooni, mimi sina mkono wa kufika kwenye kitufe chako cha kura, na kweli kati ya meza yangu na yake pana ujia, mkono haufiki, basi miaka kumi na minne mwiko huu umebonyeza vitufe vya wagonjwa, vya walevi, vya waliotoka kuvuta sigara, kijani kwa ndiyo, nyekundu kwa hapana, na Bunge zima la jimbo linaona na kucheka, leo ndiyo umekuwa silaha… “Aldrich,” anaita karani, “ndiyo,” anajibu Aldrich, ndiyo nini wewe, si juzijuzi tu ulinikonyeza ukiwa mlangoni na simu sikioni, nikakubonyezea, mbona siku hiyo hukuniita mwizi wa kura, “Brandvold,” “ndiyo,” haya, na Brandvold naye, nyani haoni kundule, wameizima mashine ya kura leo, tunaitwa majina mmoja mmoja kwa mdomo, eti kwa heshima ya jambo lenyewe, na jambo lenyewe ni mimi, Harlan Tveit, nikaripiwe rasmi, nisimame pale mbele mikono imeshikana kama mtoto aliyevunja sahani, Spika anisomee, iandikwe kwenye kumbukumbu, wajukuu waje wasome, baada ya miaka ishirini na sita… ishirini na sita, na nimepigana humu ndani kuliko wote hawa, mimi ndiye niliyeleta chupa ya maji ya kisima cha mama Ostby, yamegeuka rangi ya chai kwa mavi ya nguruwe wa yale mashamba makubwa, nikamwekea mwenyekiti wa kamati ya kilimo mbele yake, nikamwambia, kunywa basi, Mheshimiwa, si umesema ni salama, hakunywa, sheria ikapita, na mimi nikashtakiwa utovu wa adabu, nilimwita gavana mwongo, wakanilazimisha niombe radhi, nikaomba radhi vizuri kabisa, kisha nikamwita tena, na lile daraja wanalosema nililipa jina la baba yangu, ndiyo, nililipa, alilijenga kwa mikono yake, nani mwingine angemkumbuka… “Dahl,” “ndiyo,” “Eckert,” “hapana,” asante Eckert, mwenye haya ni mmoja humu… lile daraja ndilo nililokuwa nikilisoma gazetini Jumatatu ile mgahawani, habari nzima ukurasa mzima, nimefura, na Lorene mbele yangu na kipande chake cha pai anaongea, anaongea, kitu kuhusu theluji, kitu kuhusu binti yake Joann kuzaliwa, na mimi nasema mm, mm, unaona walivyoandika, Lorene, hapa wananiita mfalme… achana na hayo, Jumatatu si kesi, kesi ni Jumanne, na Jumanne ilikuwa hivi, barafu barabarani, kiti cha Lorene kitupu, nikajua gari limemgomea tena, lile gari lake bovu, Spika akapiga kengele, kura ya muswada wa hospitali, kwamba hospitali ndogo za kaunti zifunge wodi za wazazi, akina mama wapelekwe mjini kwenye madaktari na mashine, chama kimesema kijani, mimi chama, Lorene chama, nikabonyeza changu, nikachukua mwiko, nikabonyeza chake, saa tatu na dakika arobaini, ubao ukaonyesha thelathini na sita kwa thelathini na tano, umepita, tukapiga meza, na saa sita mchana mwenye nyumba akafungua chumba alichopanga Lorene akamkuta kitandani, daktari akasema amekufa tangu kabla ya alfajiri. Mwandishi mmoja akahesabu masaa, kesho yake gazeti zima, Marehemu Apiga Kura.

Ningejuaje, nauliza, mtu anabonyezewa kwa sababu hayupo, hakuna anayemwuliza asiyekuwepo kama yu hai, na hapo ndipo damu inaponichemka, maana Spika Kessel, huyu huyu aliyekaa pale na uso wa mazishi, alipoulizwa kama kura ya marehemu itafutwa alisema, kura ilishafungwa, hakuna aliyepinga, kilichoandikwa kimeandikwa, unaona wewe, kura ni safi, kidole ndicho kichafu, wanaila nyama wanamchapa mchinjaji, sheria yao wameipata, sasa wanataka na kuonekana watakatifu… “Lindqvist,” “ndiyo,” “Maddox,” “ndiyo,” na juu pale kwa wageni amekaa Joann, binti yake, amevaa koti la kijani la mama yake, limempwaya mabegani, tangu asubuhi ananitazama tu, hanuni, ananitazama, msibani alinishika mkono akasema, Mzee Harlan, mama alikuwa anasema wewe ni kichwa kigumu lakini unasikia, na mimi nikalia, nikamwambia, mama yako nilimjua kama kiganja changu, kweli nilimjua… na huyu Sather wa upinzani leo asubuhi ananifuata kwenye korido ananinong'oneza, “Mzee, wewe ulipiga kijani, wewe ni wa upande ulioshinda, kanuni inakuruhusu kusimama kuomba kura ya hospitali irudiwe, mimi niliyeshindwa siruhusiwi, na jioni Bunge linafungwa, ikipita leo basi tena,” nikamwambia, “Kijana, nenda ukanywe kahawa, nikirudisha ile kura si nimekiri mwenyewe kwamba nimekosa,” akasema, “Hivi una hakika Lorene angepiga kijani?” nikamwambia, “Usinifundishe Lorene,” kwa sauti, watu wakageuka… “Nygaard,” “ndiyo,” “Oakes,” “ndiyo,” meza ya Lorene imefunikwa kitambaa cheusi, wameweka waridi jeupe kwenye glasi ya maji, vitufe vyake viko chini ya kile kitambaa, na mimi nimekaa naye hapa siku nzima kama kawaida, angekuwepo angenipitishia pipi ya mnanaa, angesema, tulia Harlan, unatoa moshi… theluji, alisema theluji, kwa nini theluji, alikuwa amekunja uma kwenye leso, pai hajaimaliza, yeye hakuwahi kubakisha pai, akasema, Joann nilimzaa kwenye kiti cha nyuma cha gari, Harlan, maili arobaini kutoka mjini, theluji imefunga njia, mume wangu anashika tochi kwa meno, mm, nikasema, hapa wananiita mfalme, akasema, siku hizo Pelham haikuwa na wodi, tuliipigania miaka tisa mpaka tukaipata… “Petrie,” “ndiyo,” “Rusk,” “ndiyo,” akasema, Harlan, weka gazeti chini, nikashusha kidogo, si lote, nikawa naona macho yake tu juu ya karatasi, akasema kitu, akauliza, umenisikia? nikasema nimekusikia, nikasema hivyo, nimekusikia, na nikapandisha gazeti… “Sather,” “hapana,” tazama, Sather kapiga hapana, kakataa nikaripiwe, niliyemfukuza kama mbwa asubuhi, kwa nini…

“Skaggs,” anaita karani.

Orodha ya zamani, hawajamfuta, karani mwenyewe amejishika mdomo, na vichwa vyote, sijui kwa mazoea gani, vimenigeukia mimi, kwa sababu akiitwa Lorene na hayupo anayejibu ni mimi, miaka kumi na minne ni mimi, na Joann amesimama kule juu ameshika ukuta kwa mikono miwili, na mimi naona lile waridi, naona yale macho juu ya gazeti, na sasa nasikia, Mungu wangu, nasikia neno kwa neno, sauti yake ile ya mafua, kesho nabonyeza nyekundu, Harlan, chama kinifukuze kikipenda, na usinibishie, nimekwambia wewe wa kwanza, umenisikia? na mimi nimekusikia, nimekusikia, na asubuhi yake nikachukua mwiko wake mwenyewe, alioufunga mpira mwenyewe, nikampigia kijani, akiwa hawezi hata kunibishia, siyo kwamba nilimpigia kura mfu, hilo wanaloniandika ni dogo, nilimpigia kura kinyume na alivyoniambia akiwa hai, na sheria ilipita kwa kura moja, ni hii… “Samahani, Waheshimiwa,” anasema karani, anakata jina kwa kalamu, anatafuta linalofuata, langu, kinywa chake kinafunguka, jina langu bado halijaitwa na mimi nimeshasimama, nimeushika ukingo wa meza yake, siyo yangu, na Spika anasema, “Mheshimiwa Tveit, subiri uitwe,” sisubiri.

“Mheshimiwa Spika,” nasema, “Lorene alisema nyekundu. Aliniambia mimi.”