Kiwanja cha Mniko

Mkufunzi Apolinary alikwenda Dar es Salaam kwenye semina ya wiki mbili, akarudi Bunda anajua kila kitu. Ndiyo faida ya semina. Wengine tunahangaika na dunia hii tangu kuzaliwa na bado imetushinda, yeye wiki mbili tu, tena na chai ya saa nne ikiwemo, akarudi na hisabati mpya, mwavuli mpya, na mtindo mpya wa kusema "kitaalamu" hata anapoomba chumvi.

Aliwaambia wanachuo kwamba hesabu zile za zamani, za kuongeza na kutoa, zilikuwa za mkoloni. Hii mpya ndiyo ya taifa huru, nayo inaanza na seti. Vitabu vyenyewe vilikuwa vimechapwa London, lakini nani alikuwa na ubavu wa kuuliza?

Robi alikuwa mmoja wa wasichana wachache wa mchepuo wa hisabati pale chuo cha ualimu, na aliupenda mchepuo ule kuliko wenzake walivyopenda barua za wachumba. Somo la kwanza lilimwingia vizuri. Seti ni mkusanyiko wa vitu vinavyojulikana. Sato, furu na ningu ni memba wa seti ya samaki wa ziwani. Mbuzi si memba. Haya, hapo kuna ugumu gani? Ugumu ulikuja pale Apolinary alipochora ubaoni mabano mawili, yale yaliyobinuka viuno, na katikati asiandike kitu.

"Robi, hii ni nini?"

"Hujamaliza kuandika, Mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Apolinary akafumba macho kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe zake.

"Hii ni seti tupu. Haina memba hata mmoja. Lakini ni seti, ipo, ina heshima yake kama seti nyingine. Kitaalamu."

"Sasa Mwalimu, kama haina kitu, ipo inafanya nini?"

Hilo halikuwemo kwenye semina. Badala ya kujibu akachora mabano mengine, akaiweka ile seti tupu ndani yake, akauliza seti hii mpya ina memba wangapi. Robi akasema haina hata mmoja, maana tupu ndani ya tupu ni tupu. Apolinary akapiga ubao kwa chaki mpaka ikavunjika. "Mmoja! Ina memba mmoja! Na asiyeelewa hili kabla ya jaribio lijalo nitamhamishia Sayansi Kimu, akajifunze maandazi."

Robi akayanakili mabano yale haraka daftarini. Maandazi alikuwa anayajua tayari.

Akaing'ang'ania seti tupu siku nyingi, na seti tupu ikamng'ang'ania yeye. Mwanga ulimjia mahali ambapo Apolinary asingekanyaga kwa kuogopea viatu vyake: shamba la pamba la chuo, kwenye Elimu ya Kujitegemea, Robi ameinama anapalilia huku anawaza nyumbani.

Kwao ni jirani na Kiabakari. Bibi yake, Wankuru, alizaa mabinti watupu, kisha mume akafa. Kwa mila ya kule, nyumba isiyo na mtoto wa kiume huitwa nyumba ntobu, na mashemeji huanza kuizungukia wakiipigia mahesabu. Wankuru hakusubiri. Alichukua ng'ombe wa mahari ya mabinti zake akaenda kuoa mke, akamwolea mwanawe. Mwanawe yupi? Huyo ambaye hakuzaliwa. Alimpa na jina kabisa, Mniko. Dorotea akaletwa kwa vigelegele kuwa mke wa Mniko, akamzaa Robi, naye Robi akawa binti wa Mniko. Yule mwanamume wa kupita aliyehusika na uzazi wenyewe, mila ilimshukuru, ikamwonyesha njia ya kwao.

Robi akasimama na jembe mkononi. Mniko! Hana mwili, hana kivuli, hajawahi kula hata tonge la ugali. Lakini ana mke, ana binti, ana zizi, na nyumba imesimama kwa ajili yake. Ile nyumba si kwamba haina mtu. Ina mmoja, ambaye hayupo. Robi akacheka peke yake katikati ya pamba hadi wenzake wakasema jua limempiga.

Kwenye jaribio alipata zote. Apolinary akamsifu sana, yaani akajisifu, kwa ufundishaji wake.

Mwaka huo ulikuwa wa sabini na nne, mwaka wa Operesheni. Watu walitakiwa watoke walikozikwa babu zao, wahamie vijiji vya ujamaa, wajipange barabarani kwa mstari, kwa maendeleo. Na kwa kuwa mstari ni hisabati, wanachuo wakapakiwa kwenye lori pamoja na kamba na vigingi, wakapime viwanja. Kundi la Robi, chini ya Apolinary na mwavuli wake, likashushwa kulekule kwao.

Kila kaya ilipata kiwanja. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Nyamhanga, aliita, mwanamume mwenye kaya akajitokeza, kamba ikavutwa, kigingi kikapigwa. Robi alikuwa ameshika ncha ya kamba wakati Bibi Wankuru aliposogea mbele, na Dorotea nyuma yake. Kabla hajafungua mdomo, shemeji yake Magige alikwisha kufika.

"Huyu msijisumbue, Mwenyekiti," alisema Magige kwa huruma nyingi mno. "Nyumba ya marehemu kaka yangu haina mwanamume. Waingie kwangu wote, yeye, huyu Dorotea na ng'ombe wao. Mimi nitabeba mzigo."

Mzigo! Alikuwa ameusubiri mzigo huo tangu kaka yake hajapoa kaburini. Kama kiwanja kisingetoka, nyumba ya Wankuru ilikuwa imekufa mchana ule ule: ng'ombe kwenye zizi la Magige, na Dorotea kwenye jiko la Magige, akiwa na bahati ya kuishia jikoni tu.

Nyamhanga akajikuna kidevu, akamgeukia mtaalamu.

"Kitaalamu," alisema Apolinary, "kaya isiyo na mwanamume ni kaya tupu. Na tupu haipewi kiwanja. Tukianza kugawia tupu, tutamaliza nchi."

Robi akaiachia ncha ya kamba. "Mwalimu, si ulisema tupu ipo? Ina heshima yake kama nyingine?"

"Robi," alisema Apolinary kwa upole wa kutisha, "ile ni ya mtihani. Hii ni Serikali."

Basi, ukweli una ofisi mbili, na hazipigiani simu. Lakini Wankuru hakusoma seti, kwa hiyo hakuwa na habari kwamba ameshashindwa.

"Mwenye nyumba ni Mniko," akasema.

Watu wakatazama chini. Hakuna asiyejua. Nyamhanga mwenyewe alikula nyama kwenye harusi ya Mniko, na inasemekana alicheza kuliko wote. Angemkana sasa kwa mdomo ule ule? Lakini Magige alikuwa anamtazama, na wakubwa wa wilaya walitaka wanaume, si mila. Nyamhanga akafanya kama viongozi wafanyavyo, akapeleka mbele.

"Vizuri. Kesho asubuhi wanaume wote wanalima shamba la ujamaa. Mniko naye ni mwanamume, aje alime kipande chake. Akiitwa asipoitika, kiwanja kinakwenda kwa Magige. Tumeelewana?"

Magige akacheka mpaka akashika magoti. Wankuru alirudi nyumbani polepole, na jioni hiyo hakula.

Asubuhi lori la chuo lilikuwa linaunguruma barabarani tayari kurudi chuoni, wanachuo wameshapanda, Apolinary kakaa mbele na mwavuli wake mapajani. Kule shambani wanaume walijipanga na majembe. Nyamhanga akaita majina, mmoja mmoja akaitika na kuingia kwenye kipande chake. Wankuru alisimama pembeni, ameshikwa mkono na Dorotea, aliyekuwa na jembe mkono wa pili.

"Mniko!"

Magige akakohoa kidogo, kikohozi cha kuaga msiba.

"Mniko!"

Robi aliruka kutoka kwenye lori. Alipita katikati ya watu, akalichukua jembe mkononi mwa mama yake, akasimama kwenye kipande kilichobaki wazi.

"Nipo," akasema.

"Wewe ni mwanamke!" Magige alibweka.

"Mimi ni nyumba ya Mniko, Babu. Aliitwa yeye, imeitika nyumba yake. Kama ni uongo, wote waliokula nyama ya harusi wateme."

Hakuna aliyetema. Nyamhanga alikuwa wa kwanza kutotema.

"Robi!" Apolinary alitoa kichwa dirishani. "Panda sasa hivi, la sivyo mchepuo umeukosa! Nakuhamisha!"

Robi alimtazama, akalitazama lori, roho ikamuuma kweli, maana alizipenda zile hesabu. Kisha akainama akapiga jembe. Lori likaondoka. Na kwa hili tumsifu Apolinary: ile ya maandazi ilikuwa ahadi yake pekee aliyoitimiza, kitaalamu, muhula uliofuata.

Robi alilima mpaka jua likapanda, viganja vikachubuka. Alipofika mwisho wa kipande, Nyamhanga alikuja kukagua, akapima kina kwa kidole cha gumba ili aonekane ana kazi. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Magige:

"Mniko amefika. Kigingi kipigwe."

Robi akageuka kumtafuta bibi yake, akitegemea vigelegele. Wankuru alikuwa amekaa chini kwenye udongo uliolimwa, kanga imemtelemka kichwani, analia bila kujificha. Robi akamkimbilia, akapiga magoti.

"Bibi, tumepata. Kiwanja ni chetu. Unalia nini?"

Wankuru alimshika ile mikono iliyochubuka, akaipangusa udongo kwa kanga.

"Tangu nikiwa msichana nilikuwaga namwita Mniko wangu," alisema. "Kisimani namwita, jikoni namwita. Leo ndiyo ameitika."