Meza ya Kumi na Nne

Bahasha ya jumba la michezo ya kuigiza ilifika mwanzoni mwa Oktoba, juma la saba tangu Torsti Saarnio azikwe, nayo ilikuwa imeandikwa jina lake kana kwamba angali hai. Hilkka, mjane wake, aliifungua kwa kisu cha jikoni. Ndani alikuta tiketi ya msimu wa baridi: michezo minne, kila mmoja Jumamosi saa saba mchana, mstari wa saba, kiti cha mia na kumi na mbili. Hilo halikumshangaza. Kwa miaka kumi na minane Torsti alikuwa akienda peke yake kutazama michezo ya kuigiza, na desturi yake ilikuwa kuagiza msimu wote tangu mwezi wa tano. Lililomfanya Hilkka avute kiti na kukaa ni karatasi ndogo iliyobanwa nyuma ya tiketi. Ilikuwa agizo la mapumziko: Saarnio, meza ya kumi na nne, kahawa mbili, mikate miwili ya iliki.

Katika Helsinki mtu mwenye busara hasimami kwenye foleni wakati wa mapumziko. Huagiza mapema, na atokapo ukumbini hukuta kahawa yake imekwisha kuandaliwa mezani, na kikaratasi chenye jina lake kimeegemezwa kikombeni. Hayo Hilkka aliyajua kwa kusikia tu, maana mwenyewe hakuwa amekanyaga jumba la michezo maishani mwake. Alilelewa kaskazini, katika nyumba ya watu wa uamsho, ambako maigizo yalihesabiwa fungu moja na karata, dansi na pombe. Torsti alipomwomba waende wote, mara ya kwanza na ya mwisho, alimjibu kwamba yeye hawezi kukaa saa tatu akitazama watu wazima wakisema uongo. Torsti hakuomba tena.

Alimpigia simu mdogo wake, Aili.

"Labda alikuwa anakunywa vyote viwili," Aili alisema.

"Torsti? Kikombe cha pili kilikuwa kinampa kiungulia."

"Basi dada, una mke mwenza. Nenda ukamtazame uso."

"Usinitanie, Aili. Mume wangu alikuwa mwaminifu."

"Mimi nimesema hakuwa mwaminifu? Nimesema kahawa ni mbili."

Hilkka alikata simu. Wahenga walisema kwamba wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Na kweli, kufikia Novemba sketi yake nyeusi ya mazishi ilikuwa ikimzunguka kiunoni. Hakuhofia jambo la kitandani. Alimjua mumewe: mtu wa soksi za sufu na supu ya samaki, aliyeendesha tramu miaka thelathini na mitatu bila kuchelewa kituo. Lililomla ni dogo kuliko hilo, na kwa hiyo lilipenya zaidi. Torsti hakuwa mtu wa maneno. Akirudi kutoka kwenye mchezo hutundika koti lake, hunawa mikono, na akiulizwa ulikuwaje, hujibu, "Ulikuwa mzuri." Miaka kumi na minane, neno lile lile. Sasa Hilkka alitaka kujua ni nani aliyekuwa akiyapata maneno yaliyobaki.

Siku ya mchezo wa kwanza alivaa ile sketi nyeusi, akakabidhi koti lake kwenye chumba cha makoti, akaenda moja kwa moja hadi mstari wa saba. Katika kiti cha mia na kumi na tatu alikuwa ameketi mwanamke wa miaka sabini hivi, nywele fupi za fedha, mtandio wa buluu shingoni, mgongo umenyooka kama wa mwalimu.

"Samahani, mama," yule mwanamke alisema kwa upole. "Umekosea kidogo. Hicho kiti cha Torsti."

"Najua ni cha nani. Mimi ni mke wake."

Uso wa yule mwanamke ulifunguka kama dirisha. "Hilkka! Hatimaye! Na yeye yuko wapi? Usiniambie ana mafua."

Taa za ukumbini zilikuwa zimeanza kufifia. Hilkka alingoja mpaka zimekaribia kuzimika, kisha akasema, "Amekufa. Mwezi wa nane."

Alifanya hivyo kwa kusudi, nasi tusimfichie aibu. Alitaka pigo limpate yule mwanamke gizani, mahali asipoweza kuuliza wala kuinuka. Mchezo ulikuwa wa kuchekesha, wa mwenye kinu aliyechumbia wanawake wawili kwa siku moja, na ukumbi mzima ulikuwa ukiangua vicheko. Katika kiti cha mia na kumi na tatu mabega yalikuwa yakitikisika, lakini si kwa kicheko. Hilkka alisikia pumzi ikikatika na kuungwa, ikikatika na kuungwa. Analia kwa haki gani? alijiuliza. Yeye mwenyewe, mke wa ndoa ya miaka arobaini na sita, hakuwa ametoa chozi. Si hospitalini, si kanisani, si kaburini. Na huyu, mwenye mtandio, ameyapata machozi bila hata kuyatafuta.

Kengele ya mapumziko ilipolia, Hilkka alitangulia. Meza ya kumi na nne ilikuwa meza ndefu ya kusimamia, karibu na dirisha. Vikombe viwili, mikate miwili, jina moja. Alikunywa kikombe cha kwanza. Yule mwanamke alipotokea mlangoni, macho mekundu, akija kwa hatua za mtu ajuaye njia yake, Hilkka alimkazia macho, akainua kikombe cha pili na kukinywa chote, ijapokuwa kilimchoma ulimi. Kisha akala mkate wa kwanza. Kisha akaula na wa pili, polepole, mpaka chembe ya mwisho ya sukari.

Yule mwanamke alisimama upande wa pili wa meza akimtazama. Hakukasirika.

"Huna kosa," alisema. "Ni vya kwenu."

"Wewe ni nani?"

"Irja Palomäki. Nilikuwa mfamasia, sasa nimestaafu. Ni jirani wa kiti, basi."

"Jirani wa kiti hanunuliwi mkate miaka kumi na minane."

"Mwaka mmoja alinunua yeye, mwaka mwingine mimi. Mwaka huu ulikuwa wake." Irja aliminya mtandio wake. "Hakuna aliyenipasha habari. Nani angenipasha? Hakuna aliyejua kwamba nilistahili kupashwa."

"Hukustahili," Hilkka alisema, akarudi ukumbini.

Katika mchezo wa pili, majuma mawili kabla ya Krismasi, kiti cha mia na kumi na tatu kilikuwa kitupu. Hilkka alikuwa amejiandaa mwezi mzima. Alikuwa amechagua maneno, akayanoa huku akisugua sakafu, na sasa hapakuwa na wa kumkata nayo. Alisimama peke yake mezani. Alikunywa kahawa moja, nyingine ikapoa. Alipofika nyumbani alitambua kwa ghadhabu kwamba alikuwa na hamu ya kumwona yule mwanamke, kama mtu anavyotamani kumwona jamaa.

Mchezo wa tatu ulikuwa Januari. Baridi ilikuwa kali hata bahari ikaganda mpaka visiwani, na watu waliingia ukumbini wakiwa na theluji nyusini. Irja alikuwepo.

"Ulikuwa wapi Desemba?" Hilkka aliuliza kabla hata ya kuketi.

"Nilikuwa naumwa. Mbona, ulinihitaji?"

"Sikukuhitaji. Nilikutafuta."

Wakati wa mapumziko alikisukuma kikombe cha pili upande wa Irja, si kwa ukarimu, bali kama hakimu anavyomsogezea shahidi maji.

"Mlikuwa mnaongea nini?"

"Mwanzoni, mchezo tu. Torsti alikuwa hodari wa kuwaiga waigizaji, lakini hilo unalijua. Siku moja alimwiga mfalme mlevi, bwana wa meza ya jirani akamwagia mkewe kahawa."

Hilkka hakulijua. Torsti kuiga? Torsti kuchekesha? Alihisi kama mtu aliyeishi katika nyumba miaka arobaini kisha akaonyeshwa na mgeni chumba ambacho hajakiona.

"Endelea."

"Kisha kazi yake. Abiria wake."

"Endelea."

Irja alikizungusha kikombe chake mkononi. "Hilkka, mengine yanauma."

"Wewe yamekuuma? Mbona ungali mzima? Sema."

"Kisha aliniambia habari za mtoto."

Palikuwa na watu wengi pale, na kelele za vijiko. Lakini Hilkka hakusikia tena kitu. Miaka arobaini na mmoja iliyopita alizaa binti, aliyeishi siku kumi na moja tu. Siku ile waliporudi kutoka makaburini alisimama jikoni na koti lake mwilini, akamwambia mumewe kwamba jina lile lisitajwe tena katika nyumba hii. Torsti aliinamisha kichwa, na halikutajwa. Kwa kuwa halikutajwa, Hilkka aliamini kwamba mwanamume amesahau, kama wasemavyo kwamba wanaume husahau upesi. Na kwa miaka yote hiyo alikuwa amemhukumu moyoni kwa kosa hilo.

"Alisema nini?" Hilkka aliuliza.

"Alisema tramu yake ilikuwa inapita mbele ya hospitali ya watoto. Mara nane kwa siku. Kwenye kituo kile alikuwa anaiacha milango wazi kidogo kupita kawaida. Abiria walikuwa wanamnung'unikia, 'Dereva, twende, baridi inaingia!' Yeye alikuwa anaona kama kuna mtu mdogo ambaye hajafika bado. Hata akahesabu umri: mwaka huu angekuwa na begi la shule, mwaka huu angekuwa anajipandia mwenyewe. Kisha alikuwa anazifidia dakika zile mbele, asichelewe."

"Maneno hayo ni yangu," Hilkka alisema. Alishika ukingo wa meza. "Unasikia? Hayo yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyemzaa. Alikuja kuyamwaga hapa, kwa mtu wa kiti cha pembeni, na mimi ananiletea 'ulikuwa mzuri'!"

"Najua."

"Hujui. Ulimpenda?"

"Nilimpenda," Irja alijibu bila kuzungusha. "Siku nne kwa mwaka, dakika ishirini ishirini. Yeye hakunipenda. Alikuwa na mzigo, akapata mahali pa kuutua. Ukitaka kunichukia kwa hilo, nichukie. Uzee umenifundisha kuvumilia."

Hilkka alimchukia. Alimchukia kwa uaminifu, kwa moyo wote, kama alivyokuwa akifanya kila kazi. Aliuchukia ule mtandio, na zile nywele, na yale masikio ambayo mumewe aliyachagua badala ya yake. Na chini ya chuki hiyo palikuwa na jambo alilokuwa akilizuia kwa mikono miwili lisiinuke: kwamba aliyemfungia Torsti mlango wa jikoni ni yeye mwenyewe, na kwamba mtu akifungiwa mlango wake hukaa kwa jirani.

"Kuna kitu kimoja hakuniambia," Irja akaendelea. "Nilimwuliza mara tatu, miaka mbalimbali. Jina lake. Kila mara alisema, 'Hilo lina mwenyewe.' Basi mimi nikawa ninamwita 'binti' tu."

Kwanza Hilkka hakuelewa. Alipoelewa, joto lilimpanda kutoka miguuni hadi kooni, nalo lilikuwa joto la ushindi. Hakumpa! Amempa milango, amempa abiria, amempa hata begi la shule. Lakini jina hakumpa.

"Nitajie wewe," Irja alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Nimemlilia huyo mtoto miaka mingi, Hilkka. Sina jina la kumlilia."

"Hapana."

Kengele ikalia. Irja aliinamisha kichwa, wakarudi ukumbini, wakaketi bega kwa bega kama ndugu waliogombana kanisani.

Sehemu ya pili ya mchezo ilianza. Jukwaani mzee mmoja alikuwa akiwagawia wanawe mashamba, lakini Hilkka hakumsikiliza. Alikuwa ameketi na ushindi wake mapajani, akiukumbatia. Jina ni lake. Hakuna mwingine duniani aliye nalo. Akajaribu kumkumbuka Torsti akilitamka, katika zile siku kumi na moja, ameinama juu ya kitanda kidogo. Aliuona mgongo wake, akaziona na zile suruali za kazi. Sauti haikuja. Akajaribu kujisikia yeye mwenyewe akilitamka. Hiyo nayo haikuja. Ndipo alipotambua kwamba mtu pekee aliyebaki chini ya mbingu mwenye kumlilia mtoto yule, mbali naye, alikuwa ni huyu hapa, mwenye mtandio wa buluu. Na kwamba siku watakapokufa wawili hao, yeye na jina lake, Irja na machozi yake, jina hilo na machozi hayo yatakuwa hayajakutana kamwe.

Hakumpenda zaidi kwa sababu hiyo. Lakini aliinama upande wake.

"Kerttu," alisema.

Ulimi ulikuwa mzito, na Irja hakusikia vizuri. "Nini?"

"Kerttu. Mtoto wangu."

Nyuma yao bwana mmoja alisogea mbele na kunong'ona kwa ukali, "Nyamazeni basi, mabibi! Tumekuja kuwasikiliza wale, siyo nyinyi."

Hilkka aligeuka katika kiti chake, akamtazama yule bwana usoni, na kwa sauti kamili, iliyovuka mistari yote ya mbele mpaka jukwaani, akamwambia:

"Kerttu Saarnio."

Jukwaani yule mzee wa mashamba alisita kidogo, mkono wake ukiwa hewani, kisha akaendelea na maneno yake. Irja alikuwa amefunika kinywa chake kwa mtandio. Midomo yake ilikuwa ikitembea chini ya kile kitambaa, na Hilkka, akiwa bado na hasira, aliitazama mpaka akahakikisha kwamba inalitamka sawasawa.