Mlio wa Pikapu Kona Baridi

Fundi Wasike aliweka laptop yake juu ya boneti ya pikapu yangu, akaanza kuimba chini chini kwa furaha. Nje ya gereji vumbi la Kitengela lilikuwa limening'inia hewani, jua limepita ndani yake, na mji mzima ulionekana kama bado haujaamka vizuri.

"Madam Lorine, hii gari haijazeeka. Nguvu iko, imefungiwa tu huko kwa kompyuta ya injini. Nikiipanga upya, na sifungui hata nati moja, Kona Baridi utapanda ukiimba."

Kusema kweli, nilitaka kuimba. Kila Jumamosi nampelekea mama mkwe wangu nyasi, huko chini ya mlima wa Kona Baridi, na kurudi na mbuzi wa kuuza Kiserian. Kupanda ndiko aibu. Pikapu inakohoa, malori yaliyosheheni magadi yananipita, na mbuzi wenyewe wananichungulia kwa dirisha la nyuma kwa huruma.

"Na mlio?" nikauliza.

"Utabadilika kidogo. Ukikanyaga mafuta itapiga filimbi. Wengine wanalipia hiyo filimbi."

"Basi ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Gari ikuombe?"

Ningemwambia nini? Pikapu ilikuwa ya mume wangu. Jina lake silitaji hata hapa, nimeshazoea. Kwetu Kakamega aliyeondoka hutajwa asubuhi na jioni, na watoto hupewa jina lake. Lakini nimeolewa Umaasaini, na huku jina la aliyefariki huachwa lipumzike. Tangu tumzike, mama yake hajalitamka, nami sijathubutu, hata mbele ya binti yetu Naeku.

Macho ya mama yameingia ukungu, haoni zaidi ya mkono wake. Lakini kila ninaposhuka, namkuta tayari amesimama nje ya boma, uso ameuinua kuelekea mlimani, anatabasamu. Mtu hatabasamu hivyo kwa sababu ya marobota ya nyasi. Nilijua anamsikia nani. Injini ile ilikuwa njia pekee iliyobaki ya kulitaja lile jina, na mimi ndiye niliyekuwa nikilitaja. Halafu nafungua mlango, nashuka na viatu vyangu vya Kitengela, naharibu ndoto ya mtu. Roho iliniuma kila mara. Iliniuma pia kwa wivu, nisidanganye.

Jumamosi iliyofuata nilishuka bila kuamua. Kona Baridi upepo ulikuwa ukisukuma ukungu barabarani, taratibu, na chini yake bonde lilikuwa la buluu, halina mwisho. Kwa muda nilihisi kwamba siendeshi, nimebebwa tu, na kwamba mtu mwingine ameshika usukani naye amechoka kama mimi. Nilipotoka kwenye ukungu boma likaonekana, na yeye nje yake, uso juu.

Tukaketi na chai. Nilishindwa kuvumilia.

"Yieyo," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama, "kuna fundi anataka kuipa gari nguvu. Nisitukanwe tena na malori pale mlimani."

"Hiyo ni mzuri. Kwa nini hajafanya?"

"Mlio utabadilika."

"Halafu?"

"Halafu hutamsikia." Nikaikaza sauti isikatike. "Yule unayemsikia nikija."

Kikombe chake kikasimama kabla ya kufika mdomoni. Kisha akaanza kucheka, taratibu, mpaka chai ikamwagikia shuka yake.

"Mama Naeku, wewe unafikiri mimi nasikia nani? Yule wetu alikuwa anaachilia gari hapo mlimani kama ng'ombe imeona maji. Vuuu! Nilikuwa nafunga macho, naomba Mungu. Wewe unashika gia ndogo kutoka juu mpaka hapa. Gari inalia, inalia. Mimi nasema, huyo ni mtoto wangu. Anaogopa, lakini anakuja."

Nililia, sikujificha, maana haoni. Hata hivyo alinisikia. Akanyoosha mkono, akapapasa hewa mpaka akapata bega langu, akalishika.

"Ulidhani nasimama kwa jua nikingoja mtu ambaye niko na kaburi yake hapa nyuma?"

 Tangu tumzike nilikuwa nikimwonea marehemu wivu kwa tabasamu lililokuwa langu.

"Ambia huyo fundi atengeneze," akasema. "Filimbi nitazoea. Lakini usikuje mbio. Nataka nikusikie kutoka juu kabisa."