Mstari wa Kumpanda Ng'ombe Mwekundu

Jua lilipochomoza nyuma ya milima ya Ukinga, mstari ulikuwa umekwisha kulizunguka tanuru la matofali, na mkia wake ulikuwa umefika kwenye migomba. Watu walitoka Busale, wengine Mwaya, na wengine walitoka ufukoni wakiwa bado na magamba ya samaki mikononi. Wote walikuja kupanda ng'ombe wa mti.

Ng'ombe hao walikuwa wanne, nao walining'inia kwenye kinu cha udongo. Kwa miaka miwili kinu hicho kilikuwa kimesaga udongo wa matofali ya kanisa jipya. Kilikuwa pipa pana lenye kimo kupita mtu, na juu yake boriti mbili zilizopishana, zikizungushwa. Kanisa lilipokwisha, mmisionari Mjerumani aliwaambia mafundi watundike farasi wanne wa mti kwenye ncha za boriti, ili siku ya kufungua kanisa watu wafurahi. Mafundi hawakuwahi kumwona farasi hata mmoja. Walijadiliana, wakaona ni upuuzi kuchonga mnyama wa kusimuliwa na ng'ombe wapo. Mmisionari alipowaona ng'ombe aliwazunguka mara moja, kisha akampanda mmoja, na vijana wanane wakamzungusha hadi kofia yake ikaruka. Aliposhuka alikuwa hawezi kusimama. Tangu saa hiyo kila mtu bondeni alitaka kuzungushwa.

Lakini siku ilikuwa hiyo moja tu. Kesho yake kinu kingefunguliwa na kubebwa hadi misioni ya milimani, ambako kanisa jingine lilisubiri matofali.

Atuganile alikuwa katikati ya mstari, na moyo wake ulikuwa mbele kabisa. Mumewe, Ambilikile, ndiye aliyemchonga ng'ombe mwekundu, mwenye baka jeupe usoni. Alimchonga kwa miezi mitatu, akirudi nyumbani na vumbi la mbao kwenye nyusi. Hakuwa msemaji sana. Neno moja tu alimwambia mkewe: kwamba katika watu wote watakaompanda ng'ombe yule, yeye angependa kumwona Atuganile. Baada ya hapo kinu kingekwenda zake, na Atuganile angebaki kusimuliwa na wengine mgongo wa kazi ya mumewe ulivyo.

Ambilikile mwenyewe alikuwa kwenye kinu, akipaka boriti mafuta na kuwaongoza wasukumaji. Hakuweza kumpitisha mkewe mbele. Mzee wa kanisa, Yohana, alikuwa amesimama na fimbo yake, na alikuwa ametangaza kwamba mbele ya ng'ombe wa mti hakuna chifu wala mke wa fundi. Mtu mmoja wa Busale alipanga majembe matano mstarini awawekee ndugu zake nafasi. Yohana akayatoa moja moja, akisema kwamba jembe halipandi ng'ombe. Bibi mmoja alilegea ghafla akadai anazimia, ahurumiwe apelekwe mbele. Akahurumiwa, akapelekwa kivulini, na huko akapona upesi sana.

Waliosalia walijifunza kungoja. Waliokuwa na ndizi za kuchoma waligawa. Walioimba waliimba, na kila ng'ombe walipoanza kuzunguka mstari wote ulihesabu pamoja, moja, mbili, hadi mizunguko kumi, na walioshuka walipepesuka kama walevi, wakashangiliwa.

Nyuma ya Atuganile alisimama Rut, mwanamke wa Kikisi aliyefinyanga vyungu kule ufukoni. Alikuja kuuza, akasikia kelele, akaja na chungu kimoja kichwani kuona kuna nini.

"Dada, mbona unatetemeka?" Rut alimwuliza. "Ng'ombe huyu hana maziwa wala pembe za kuchoma mtu."

Atuganile alikuwa ameviona visigino anavyovijua, mbele kidogo, mahali mstari ulipopinda tanuruni. Vilikuwa vya baba mkwe wake, Mzee Nsajigwa.

Mkamwana wa Kinyakyusa hamtazami baba mkwe wake, wala hakai alipo. Akimwona njiani huacha njia na kujificha kwenye majani mpaka mzee apite. Atuganile alikuwa ameishi mwaka mzima katika boma lile, na alimjua mzee kwa visigino tu. Kwenye njia ya kawaida jambo hilo si gumu. Lakini mstari huu ulijikunja kama nyoka aliyeshiba, na kila ulipopinda, waliokuwa mbele walirudi wakakutana uso kwa uso na waliokuwa nyuma.

Mzee alikata kona. Atuganile akaruka kwenye migomba. Alipotoka, nafasi yake ilikuwa imejazwa na familia ya watu sita, na Yohana akamwonyesha mkia wa mstari kwa fimbo.

Mara ya pili ilikuwa vilevile. Mara ya tatu Rut, ambaye naye alikuwa amerudi nyuma kwa hiari yake kwa sababu alitaka kuona mwisho wa mambo hayo, aliweka chungu chake chini mahali pa Atuganile. Yohana alikuja mbio kusema kwamba chungu nacho hakipandi ng'ombe.

"Hiki kina mtu," Rut akamwambia. "Mtu wake yuko mgombani, anamheshimu baba mkwe. Wewe mama mkwe wako akipita hapa utasimama?"

Yohana aliangalia pande zote kwa haraka, kama mtu aliyeambiwa kuna chui. Akakiacha chungu palepale.

Habari ikaenea. Kufikia adhuhuri mstari mzima ulikuwa ukimlinda mtu mmoja. Mzee alipokaribia kona, walio mbele walipitisha neno nyuma kwa mnong'ono, na neno likakimbia kinywa hadi kinywa: anapinda, anapinda. Wanawake wakazifungua kaniki zao na kuzitandaza kama ukuta, Atuganile akainama nyuma yake, na chungu kikasukumwa mbele kwa mguu, hatua kwa hatua, kikipokewa na watu ambao asubuhi walikuwa wakigombania nafasi. Wengine hata hawakujua mkamwana ni wa nani. Walishika nguo na kucheka, wakasahau kwamba miguu inauma.

Jambo ambalo Atuganile hakulijua ni kwamba mzee naye alikuwa na macho. Aliziona kaniki zikipanda na kushuka, akamtambua aliyefichwa. Akaona aibu kwamba anamkimbizakimbiza mke wa mwanawe siku ya furaha. Basi akaanza kuwapisha watu. Alimpisha mama mwenye mapacha, akawapisha wavuvi watatu, akawapisha wote walioomba na wengine ambao hawakuomba, ili mkamwana atangulie, apande, aende zake. Na kila alipowapisha watu alirudi nyuma, na kila aliporudi nyuma Atuganile alilazimika kujificha tena, naye akachelewa. Walipishana hivyo mchana kutwa, kila mmoja akimpa mwenzake njia, mpaka jua likagusa vilele vya migomba na Yohana akatangaza mzunguko wa mwisho.

Akahesabu kwa fimbo. Rut, wa kwanza. Chungu, wa pili. Nafasi ya tatu ilikuwa ya yeye mwenyewe Yohana, maana alikuwa amesimama tangu alfajiri. Fimbo ikaangukia wa nne, na wa nne alikuwa Mzee Nsajigwa.

Kelele zikazimika. Atuganile alikuwa amechutama nyuma ya kaniki na machozi yalimlengalenga. Alimwambia Rut aende amwambie baba kwamba yeye anarudi nyumbani, ng'ombe ni wa mwanawe, mzee ndiye ampande. Rut akaenda. Mzee alikuwa amewapa watu wote mgongo, anautazama mlima. Alisikiliza, kisha akaongea polepole, na kwa kuwa wote walikuwa kimya, kila mtu alimsikia.

"Mwambie mkamwana wangu hivi. Nilikuwa na ng'ombe mwekundu mwenye baka usoni. Nilimsimulia mwanangu habari zake, ndiyo maana amemchonga. Sotoka ilipokuja ikaua ng'ombe wa bonde zima, naye akafa. Kama angeishi, yeye ndiye ningempeleka kwa kina Atuganile siku ya kuposa. Nilitoa wengine, wembamba, na hadi leo nina haya. Mwambie ampande. Ni wake."

Atuganile alisikia mwenyewe, lakini Rut alirudi akamwambia tena, neno kwa neno, kwa sababu ndivyo alivyotumwa.

"Mwambie baba ndaga fijo, asante sana," Atuganile akasema. "Lakini sitapanda yeye akibaki chini."

Hapo watu walianza kusukumana kwa mashauri. Ni Ambilikile aliyewanyamazisha, kijana asiyekuwa msemaji, mikono yake ikichuruzika mafuta. Aliligonga lile pipa la katikati. Akasema pipa linapita kimo cha mtu. Mke wake apande mwekundu, upande huu. Baba apande mweusi, upande wa pili. Rut na Yohana wakae kati. Kinu kikizunguka, wote wanazunguka, na pipa linabaki katikati.

"Atamkimbia hata mara elfu," alisema, "na hamtamwona anafikiwa."

Watu waliinua kaniki, wakampitisha Atuganile kana kwamba ni bibi harusi. Akakaa. Mgongo wa ng'ombe ulikuwa laini, umesuguliwa na makalio ya bonde zima, na nyuma ya shingo vidole vyake vilipata alama ndogo za patasi. Akazishika.

Vijana wanane wakaanza kukimbia. Migomba ikawa ukuta wa kijani, kanisa likapita, mlima ukapita, uso wa Ambilikile ukapita ukiwa umekunjuka wote, kisha kanisa tena. Rut alikuwa akiwaita mama zake wote. Yohana aliangusha fimbo. Watu walihesabu hadi kumi, na kumi ilipofika hakuna aliyetaka kuacha, wakaendelea hadi ishirini.

Ng'ombe waliposimama dunia haikusimama. Atuganile alishuka akitaka kwenda kulia, miguu ikampeleka kushoto. Mzee naye alishuka upande wake akaja hivyohivyo, akiwa amefumba macho kwa adabu na kwa kizunguzungu. Wanawake walipiga mbio na kaniki zao na kuzinyoosha kati yao, na mkamwana na baba mkwe wakaanguka chini, huyu huku na huyu kule, mgongo kwa mgongo, nguo moja nyeusi ikiwa katikati.

Ndipo Atuganile aliposikia kicheko. Kilianzia tumboni, kikakatika, kikapanda tena kwa kwikwi. Atuganile alidhani ni Ambilikile, akageuza shingo kumtafuta, lakini Ambilikile alikuwa mbele yake, ameshika boriti, kinywa wazi, hajatoa sauti. Kicheko kilitoka nyuma ya nguo. Mwaka mzima alikuwa amejua visigino tu. Akaziba mdomo kwa mkono, akashindwa, akaanza kucheka naye.