Mahudhurio ya Machi

...na namba sitini na tatu ni Domisiana, Domisiana Nshoma, mwalimu, na mbele ya jina iko saini yake, ile D yenye mkia mrefu unaopita chini ya herufi zote, na juu ya karatasi imeandikwa mkutano mkuu wa kijiji, tarehe kumi na nne Machi, na Desderius anairudia tarehe hiyo kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza, maana tarehe mbili Februari alimzika mke wake kwao Rulenge, mvua ikinyesha... na Mheshimiwa Abdulkadiri, mwenyekiti wa kamati ya madiwani, anasema, "Basi waheshimiwa, kijiji kimeridhia kutoa eneo, watu mia moja na kumi na wawili wamesaini, limebaki neno la mtaalamu, Afisa Utalii, karibu," na afisa ni yeye, na waheshimiwa wote wamegeuza shingo... saini haikughushiwa, hilo ndilo baya, au jema, hajui, ni ya Domisiana mwenyewe, ameiona kwenye madaftari ya wanafunzi kwa miaka kumi na sita, na juu yake yuko mzee Idefonsi, na chini yake Shamimu wa dukani, kwa mpangilio uleule waliokaa kwenye benchi mwezi wa Novemba, ndiyo, hii ni orodha ya mkutano wa Novemba, imepigwa fotokopi na kupachikwa tarehe mpya, kwa sababu Machi watu walikuwa mashambani wanapalilia maharage, nani angekuja mkutanoni, Frednand, mtendaji wa kijiji, alimwambia kwa simu, "Afisa, akidi inanisumbua, lakini usijali, nitapambana," naye akajibu asante, hakuuliza atapambana vipi, siku zile alikuwa hasikii vizuri anachoambiwa, alikuwa anaamka na kupanga vikombe viwili... Frednand yule pale ukutani, faili mapajani, kijana aliyepanda nyuma ya gari na jeneza, akakaa chini kwenye bodi, akaweka mkono juu ya kifuniko njia nzima kupita Nyakahura na tope lake lote, ili jeneza lisitikisike, "Nyie kaeni mbele, mimi nakaa na mwalimu," mtu huyo hawezi kumtendea Domisiana ubaya, hakusoma majina, alihesabu mistari, ikatosha, akapiga muhuri... na kwenye karatasi hii Domisiana ameishi wiki sita zaidi, ametoka shuleni, amekaa kati ya mzee Idefonsi na Shamimu, amepewa kalamu, na kama angeachwa hapo angemdhuru nani, maana kumwondoa ni lazima mtu atamke marehemu, na neno hilo Desderius hajalitamka bado, watu wakimuuliza unaendeleaje anasema tupo... "Mtaalamu, au umesinzia?" anasema Abdulkadiri, "leo Ijumaa, msinicheleweshe msikitini halafu mkasema nimechelewa kwa hiari yangu," na ukumbi unacheka, na kicheko kinamrudisha Novemba, kwa sababu siku ile pia walicheka, alipokuwa amesimama mbele ya ramani na kuwaonyesha kilima, mapango, chemchemi, kambi ya wageni watakaotoka hifadhini, na Domisiana akanyoosha mkono wenye chaki, "Afisa, nina swali, na usiniangalie kama mke wako, niangalie kama mkazi," na mzee Idefonsi akadakia, "Leo Afisa atalala njaa," wakacheka mpaka wakafuta machozi, kisha akauliza, polepole, kama anavyouliza darasani, "Hiyo chemchemi ikizungushiwa uzio ili mgeni aogelee, mwezi wa nane sisi tunateka wapi?" na yeye akajibu kwamba tathmini shirikishi itafanyika katika hatua stahiki, na akamwona anakaa, hakukasirika, alikaa kama mwalimu aliyepewa jibu lisilo sahihi na mwanafunzi anayempenda... siku tatu hakuongea naye zaidi ya salamu, yeye, si Domisiana, siku tatu katika hizo chache walizokuwa wamebakiwa nazo, na ya nne mkewe akampakulia na kusema, "Baba Suzana, mimi sikatai wageni, nauliza maji," na kesho yake ofisini akaandika kwenye taarifa, changamoto ndogo ya maji itatatuliwa, aliandika ndogo, hakuna aliyemtuma... na bado anauamini mradi huu, miaka minne ameuhangaikia, vijana wangepata kazi pale badala ya kwenda kuchoma mkaa, na akisema sasa faili litarudi kijijini, mwezi wa sita aliouweka mfadhili kuwa mwisho utapita naye ataondoka, na Frednand ataitwa kujieleza... angeweza kumngoja nje, wachukue rula, wapige mstari mmoja juu ya namba sitini na tatu, wabaki watu mia moja na kumi na mmoja, kimya, bila kumuumiza mtu, na kalamu tayari iko mkononi mwake, hajui aliishika saa ngapi, lakini akifutwa itakuwa hakuwahi kufika, na akiachwa itakuwa alikubali, na Domisiana alifika na hakukubali, alisaini mahudhurio, alikuja kuuliza... na hapo Desderius anaona kwamba muda wote huu amekuwa akiliogopa neno ambalo si la kwanza, kwamba kufa kwake kunaweza kusemwa baadaye, kwa sentensi fupi, kama maelezo ya tarehe, na linalotangulia ni kwamba mkazi mmoja wa kijiji aliuliza mbele ya watu na afisa hakumjibu, na afisa huyo ni mimi, waheshimiwa, hivyo, kwa utaratibu huo... Mwenyekiti anatazama saa yake, waheshimiwa wanangoja, na kule ukutani Frednand, ambaye anamwona mfiwa amekwama na maneno, anamtikisia kichwa taratibu na kutabasamu, kumtia moyo aseme.