Alama ya Oteng

"Toka kwanza zizini, ndipo tuongee," alisema Mogomotsi.

"Tumeshaanza kuongea, shemeji. Sitoki."

"Miguu yako ya ujane bado ya moto, Mma-Tshenolo. Ng'ombe watatupa mimba."

"Nguo nyeusi nilivuliwa Jumamosi mbele ya ukoo mzima. Wewe mwenyewe ulikula nyama siku ile mpaka ukalegeza mkanda. Moto gani umebaki?"

Dikgang, mchungaji wetu, aligeuza uso kwenye birika la maji asionekane akicheka. Alikuwa amemlaza ndama wa kwanza ubavu, goti lake shingoni. Ndama wote wa mwaka huu walikuwa wa ng'ombe wa Oteng, marehemu mume wangu, na hakuna hata mmoja aliyekwisha kukatwa alama sikioni. Huku kwetu ndama asiye na alama ni wa yeyote mwenye kisu. Mogomotsi ni mdogo wake Oteng, na kisu alikuwa nacho mkononi.

Mimi nilikuja kuangalia tu. Nione akikata alama ya Oteng, ule mpasuo kama mkia wa mbayuwayu kwenye ncha ya sikio la kushoto, kisha nirudi kijijini nikasahihishe mitihani. Lakini alishika sikio la kulia. Nusu mwezi kwenye ukingo wa chini wa sikio la kulia ni alama yake yeye. Nilipomwambia aliachie, ndipo alipokumbuka miguu yangu.

"Ni kwa muda," alisema sasa, kwa sauti ya kubembeleza. "Alama hutembea na mwanamume. Oteng hayupo. Binti yenu Tshenolo akiolewa, mumewe atakuja tuongee."

"Tshenolo yuko chuoni, haolewi. Na nikitaka kuuza ndama nimlipie ada, nitakuja kukuomba wewe?"

"Utaniomba, ndiyo. Kuomba kuna ubaya gani? Mwaka mzima ulikuwa kwenye nguo nyeusi, nani aliwanywesha hawa?"

"Wewe. Na kwa hilo mtamba mmoja ni wako, chagua umtie alama yako leo hii. Waliobaki ukate ya Oteng."

"Sikati alama ya marehemu."

"Hata kwa mke wake?"

"Hata kwa mama yake. Na wewe utakata kwa nini, meno?"

Nikatoa kisu mfukoni.

Nilikuwa nimekinunua juzi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa ajili ya magunia ya chumvi ya mifugo. Ni cha kukunja, mpini wa plastiki nyeusi yenye vikwaruzo. Muuzaji aliponiwekea kiganjani nilidhani amenipa boksi tupu, kwa jinsi kilivyo chepesi. Kutwa nzima nilikuwa nacho kwenye sketi, na nikajipapasa mara kadhaa nikihofu nimekidondosha. Kinafunguka kwa dole gumba la mkono mmoja na kujikaza chenyewe kikiwa wazi, tak, ubapa hauchezi. Sikukipenda kila kitu. Kibanio chake kimeshanitoboa mfuko, na kukikunja kunataka kucha ngumu. Lakini nyanya iliyoiva sana kiliipasua bila kuiminya, na kamba ya gunia ilikatika kabla sijavuta.

Mogomotsi alicheka kwa pua. Chake ni kile kizito cha mpini wa mbao chenye pete, cha baba yao.

"Hicho ni kitana, Mma. Kachane nywele."

"Kishike basi."

Alikipokea, akakipima kwa kukirusharusha kiganjani. "Hakina hata uzito wa panya." Kisha akafanya wanavyofanya wanaume wote wa kituo hiki cha ng'ombe: akabonyeza dole gumba kwenye makali kwa nguvu na kuliburuta. Kwa visu vyao vilivyonolewa juu ya mawe hilo halina madhara. Damu ilitiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono kabla hajasikia maumivu.

"Kumbe kitana kina meno, Rra," alisema Dikgang kutoka chini, akimwita bwana kwa heshima zote.

"Wewe nyamaza." Alinyonya kidole, akanirudishia kisu kwa mkono wa pili. "Umeona? Damu imemwagika. Tuache leo. Wiki ijayo niwaite wajomba, wakae, waamue."

Nilimwelewa. Wiki ijayo mimi niko darasani. Wajomba watachelewa, watakunywa, watasema tungoje mvua. Siku moja Dikgang atatumwa dukani, na nitakaporudi nitakuta nusu mwezi kwenye kila sikio la kulia, na kila mtu akinipa pole.

"Hakuna wiki ijayo," nilisema.

Nilipiga goti kwenye samadi kando ya kichwa cha ndama. Mogomotsi alisimama juu yangu, akaamuru:

"Dikgang, mwachie huyo ndama."

Dikgang alimtazama yeye, akanitazama mimi. Goti lake halikutoka shingoni.

"Sikio lipi, Mma?"

"La kushoto."

Alilinyoosha. Nikakata mkato mmoja kushuka, wa pili ukikutana nao, na kipande kidogo cha ngozi yenye manyoya kikabaki kiganjani mwangu. Ndama alilia. Nikapaka dawa ya zambarau, Dikgang akainua goti, na ndama akakimbilia kwa mama yake na mkia wa mbayuwayu sikioni.

"Ukoo utasikia haya," alisema Mogomotsi.

"Waambie na sikio lipi ulilishika wewe," nilimjibu. "Dikgang, lete mwingine."