Sauti Iliyosema Twende

Kwanza ulikuwa mlio. Msumeno ulikuwa ukiimba sauti yake ya siku zote, nyembamba, isiyokatika. Mara ukabadilika, ukawa kama mtu anayetafuna kitu laini. Chuma aliufuata mlio huo kutoka mahali pa mbali, penye giza na raha, ndipo akafumbua macho.

Alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kupasulia mbao, ubao mikononi. Ng'ambo ya meza mdogo wake alikuwa amejitupa nyuma, mkono ameukumbatia kifuani. Kipande cha shati lake kilikuwa kikizunguka na meno ya msumeno.

"Zima," mdogo wake alisema kwa sauti ya chini. "Kaka, zima."

Chuma aliipapasa swichi kama kipofu. Karakana ikanyamaza. Aliogopa kuutazama ule mkono.

"Nionyeshe vidole."

Mdogo wake akavikunjua taratibu. Vyote vilikuwapo.

"Nani alikwambia ushike kabla sijakuita?" Hasira ya Chuma, kama kawaida, ilimtangulia mwenyewe.

"Umeniita."

"Sijakuita."

"Umesema twende. Lini nimewahi kupeleka mkono bila kuitwa?"

Hakuwahi. Hiyo ndiyo sheria waliyorithi kwa baba yao. Anayepokea hugeuka kupanga mbao zilizokwisha kupasuliwa, na hana jicho la ziada la kuulinda msumeno. Anayesukuma ndiye anayeona. Akisema "twende", maana yake ncha ya ubao imeshapita meno, shika, vuta. Leo ncha ilikuwa bado. Mkono ulikuja ukakuta meno matupu.

Chuma alikaa juu ya rundo la maranda. Basi mdomo wake uliweza kufanya kazi yeye hayupo. Alijaribu kukumbuka "twende" zote za tangu asubuhi, ni zipi alizisema akiwa macho. Hakuikumbuka hata moja.

Mkewe alimwonya: hata chuma hushika kutu. Yeye akacheka. Wenzake wakijinyoosha kivulini baada ya chakula cha mchana, aliwapigia kelele kwamba kaburini kuna usingizi wa kutosha. Kila usiku alirudi karakanani kupiga randa. Jina la Chuma alilivaa kama taji.

"Chuma hakilali," mdogo wake alisema, akijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. "Kumbe kinaota."

"Usinitanie, mdogo wangu."

"Nisipotania nitalia, kaka." Aliutazama mkono wake kana kwamba ameuazima. "Meza hii nitairudia, kazi nyingine sijui. Lakini sauti yako naiogopa. Kesho ukisema twende, nitajuaje ni wewe?"

Swali hilo lilimchoma kuliko tusi. Akachomoa ufunguo wa mashine, akauweka kwenye kiganja cha mdogo wake, akakifunga kwa mikono yake miwili.

"Kila siku tukishakula mchana, mashine inalala, na mimi nalala hapa hapa kwenye maranda mpaka uniamshe. Usiku randa siigusi. Nikikuomba ufunguo mchana huo kabla sijalala, hata nikikufokea, usinipe. Sitakuita tena nikiwa sipo. Nakuahidi, mdogo wangu."